Majuma Mawili Katika Zizi la Wageni

Mmekasirika, na mna haki. Mtu anarudi kutoka safari ya zaidi ya mwezi, rafiki zake wanakuja mikono wazi, naye anawasimamisha kwenye uzio kama wakusanya kodi, anawapigia makofi kutoka mlangoni mwa kibanda cha cherehani, kisha anafunga. Nilimsikia mmoja wenu akisema milima imeniharibu kichwa. Sauti yake naijua, ila simtaji.

Basi nimechukua daftari, nimeandika yote tangu kuondoka Kalemie hadi kurudi. Mume wangu atawasomea akiwa amesimama barabarani, kwa ile sauti yake ya kutangazia gari moshi. Msimwombe daftari mlipitishe mkononi. Sikilizeni tu, na kama kuna wa kunituma nikapimwe kichwa, angoje mpaka mwisho.

Ziwani

Mnakumbuka kilichonitoa nyumbani. Redio ilikuwa inasema kila saa kwamba corona inakamata kifua, hasa kifua cha wazee. Baba yangu, Papa Leonari, ana miaka ambayo hata yeye haijui, na kifua chake kilishaharibika kwa moshi na baridi ya Pepa, huko alikochunga ng'ombe maisha yake yote. Akipanda kilima kidogo tu, unamsikia kabla hujamwona. Niliota mara tatu amesimama mbali ananiita na sauti hainifikii. Nikashona barakoa ishirini, nikanunua sabuni, nikasema nitampelekea mwenyewe na kumvalisha kwa mkono wangu. Sikutaka kitu kingine chochote. Nilitaka baba yangu asife kwa ugonjwa ambao mimi najua kuushonea kinga.

Boti ilikuwa iondoke Jumanne saa sita. Iliondoka Alhamisi, kwa sababu tulikuwa tunangojea simenti, na simenti nayo ilikuwa inangojea mtu mwenye ufunguo. Ilipofika, waliipanga juu ya gunia langu lenye barakoa. Nikabaki na ile moja niliyovaa usoni, ya kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano. Mnaijua, kipande kilibaki mliposhonewa nguo za kwaya.

Kilikuwa kiangazi, watu wanachoma majani kote milimani, na moshi umeshuka juu ya maji. Ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, ya majivu yenye maziwa kidogo. Mota ilipokufa, saa za mchana, tulibaki tunaelea bila kujua kama tunakwenda mbele au tunarudi. Hakukuwa na ufuko upande wowote. Kapita, mkuu wa boti, alikuwa ameinama ndani ya mota, miguu yake tu inaonekana, na watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani kabla ya misa. Nilikaa juu ya simenti nikahisi kwamba hata nikimfikia baba leo au mwaka ujao ni mamoja. Usingizi mtamu sana ulinijia, nikiwa macho.

Baba mmoja aliyesindikiza mabati yake aliniamsha.

— Mama, mudomo yako iko na nini? Meno inauma?

— Corona, Papa. Niko najilinda.

— Aa! Ile njo ugonjwa ya bantu ya ndege. Huku kwetu itapitia wapi? Hata kamio inakufa mu njia!

Watu walicheka kwa kukumbuka malori yetu, na mimi nikacheka ndani ya kitambaa changu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema sisi wa ziwa tunakula pilipili nyingi, kidudu hicho kikiingia tumboni kitajuta. Mwingine alisema corona iko Kinshasa, na iko huko kwa sababu ya vyeo. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na yote yalikuwa matamu kusikiliza pale katikati ya majivu yale.

Kisha chakula kikaja. Bukari moja kubwa, ugali wetu, kwenye sahani ya bati, na ndakala wa kukaanga, wale dagaa wetu wadogo, wamelala kwenye nyanya. Wakaniita. Kukataa chakula cha watu ambao mmekufiwa na mota pamoja ni kuwaambia kwamba wewe husafiri nao. Nilishusha barakoa chini ya kidevu, nikanyoosha mkono kati ya mikono kumi, nikala, nikaramba vidole, kisha nikaipandisha tena barakoa. Nilijiona mwerevu. Baba wa mabati alikuwa anakohoa kidogo, naye alinimegea kichwa cha samaki kwa sababu mimi ni mgeni wake.

Moba, kwenye ubao wa kushukia

Tulifika Moba siku ya pili asubuhi. Mwishoni mwa ubao wa kushukia alisimama mwanamume mwenye gileti ya kijani, kizibao kisicho na mikono, na kando yake beseni la maji na sabuni.

— Hakuna kashinee, hakuna kushuka! alitangaza.

Kashinee ndiyo barakoa, kwa jina letu la mjini. Boti nzima ilinigeukia. Zile ishirini zilikuwa chini ya simenti, na simenti haishuki kabla ya watu. Mama mwenye mtoto mgongoni akanishika bega taratibu.

— Mama, niazime yako. Nitavuka, nitakutupia.

Mtoto alikuwa analia na jua limeanza kuchoma. Nikaifungua nikampa. Alivuka, akanawa, akamrudishia mpiga kasia, mpiga kasia akampa baba wa mabati, naye akavuka akiwa mnyenyekevu kama anayekwenda kukomunika. Ikarudi tena, ikapita tena. Sijui ilipita nyuso ngapi. Kila mtu alinawa vizuri katika beseni lilelile, hata maji yakawa rangi ya chai. Mwanamume wa gileti aliwaangalia ndege wangu wa manjano wakipita mbele yake tena na tena.

— Leo bandege ya Moba ni bengi, alisema, akaendelea kuhesabu watu kwa kalamu.

Nataka niwaambie ukweli: nilifurahi. Kila aliyeivua aliisifu. "Mama, umeshona bien!" Mimi nilisimama pale juu ya boti nikijiona nimewavusha watu wote ziwa lile kwa uzi na sindano yangu. Iliponifikia, ya mwisho, ilikuwa mbichi na inanuka samaki na tumbaku. Niliipangusa kwenye kitenge changu, nikaivaa, nikanawa katika ile chai, nikashuka.

Kirungu, kwa Shangazi Modesta

Kutoka bandarini hadi Kirungu unapanda tu. Kila ukipanda hewa inakuwa nyepesi, na ziwa linabaki chini, dogo, kama sahani mtu aliyoisahau nje. Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba ya Shangazi Modesta, dada mdogo wa baba, mjane, mwimbaji wa kwaya tangu nilipokuwa sijazaliwa. Ndiye aliyenilea miaka ya shule, nilipotelemshwa kutoka Pepa nije kwa masista. Harufu ya nyumba yake ni maharage, moshi wa mikalitusi na sabuni ya mawese. Nilianza kulia kabla hajatoka.

Nilisimama mbali, nikajaribu kumweleza mambo ya redio. Hakuniacha nimalize.

— Toa ile kintu! Mi nitajuaje kama njo weye?

Akanivua mwenyewe, akanikumbatia, akaniweka shavu hili na lile, akanifuta machozi kwa kiganja chake na kujifuta yake kwa kiganja hichohicho. Tulikula sahani moja. Tulikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa kikombe kimoja, kile cha bati chenye ufa, akinywa yeye kwanza kuonyesha hakina sumu, kama alivyofanya siku zote kwa kunitania. Nilipomwambia habari za corona aliitikia "eeh, eeh" kwa upole, kama unavyomwitikia mtoto anayesimulia ndoto. Alisema anamwogopa Mungu na baridi, na hivyo viwili vinamtosha.

Asubuhi, kabla sijaondoka, nilimfungulia gunia achague barakoa. Alizipekua zote, nyekundu, za maua, za mistari, akazirudisha moja moja.

— Hizi ni za muzigo. Mi nataka ile yenye ilikuwa ku uso yako. Kintu ya kutoka ku mwili ya muntu njo zawadi.

Kwetu ndivyo ilivyo, mnajua. Nguo mpya kutoka sandukuni unampa yeyote. Ile uliyoivaa unampa unayempenda. Nilimwambia ni chafu, ngoja niifue. Akasema ikifuliwa itakuwa ya dukani tena. Pikipiki ilikuwa inapiga honi. Nikaichukua pale ilipoanikwa juu ya kiti, nikamfungia mwenyewe nyuma ya masikio, juu ya zile nywele nyeupe. Akavuta pumzi ndani yake, macho amefumba.

— Iko nanukia weye, alisema.

Nilimwacha mlangoni, ndege wa manjano usoni, ananipungia mikono yote miwili.

Njia ya Pepa

Kamio, lile lori la chumvi lililonibeba, ilivunjika mara mbili, na mimi siwezi kuwaambia vizuri njia ile ilikuwaje, kwa sababu kuanzia hapo sikuwa mzima. Nilidhani ni njia. Mgongo uliniuma, nikasema ni magunia. Kichwa kiliniuma, nikasema ni jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa limefichwa na ukungu. Kule juu Marungu hakuna miti mingi, ni majani tu yanainama na kuinuka hadi mwisho wa macho, na ukungu unatembea juu yake polepole. Ng'ombe wanatokea kutoka ndani yake, pembe kwanza, wanakutazama, wanarudi ndani. Mara moja nilidhani nimemwona Shangazi kati yao. Dereva aliniuliza ninaongea na nani.

Nilipanga maneno ya kumwambia baba. Nilipanga jinsi nitakavyomvalisha.

Zizi la wageni

Nilimwona kabla sijashuka. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na fimbo, koti lile la kijeshi la zamani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikakimbia. Nilikuwa nimebakiza hatua ishirini aliponyoosha fimbo mbele.

— Simama papo hapo, mwana.

Nikasimama. Akaweka fimbo chini, akainama kidogo, akakutanisha viganja vilivyokunjwa na kupiga makofi ya salamu, yale mazito ya polepole ya watu wa zamani, ambayo sisi tuliyaacha tulipojifunza kushikana mikono. Nami nikapiga magoti nikajibu. Nikangoja aniite. Hakuniita. Alionyesha kwa kidevu upande wa chini, kule kwenye zizi dogo lenye kibanda cha majani.

— Utalala kule. Majuma mawili. Chakula itawekwa juu ya jiwe.

— Papa! Mi njo mutoto wako!

— Njo maana.

Zizi lile nalijua tangu utoto. Ndilo zizi la wageni. Ng'ombe akinunuliwa au akirudi kutoka mbali, hata awe mzuri namna gani, hachanganywi na kundi. Anakaa kule peke yake, anakula majani yake na kunywa maji yake, mpaka majuma mawili yaishe na mwenye ng'ombe amtazame macho, pua na mate. Wakati huo kulikuwa na mtamba mweusi, amefika siku ile ile. Baba yangu aliniweka pamoja na mtamba.

Nililia kwa hasira, sitawaficha. Nilipiga kelele kwamba nimevuka ziwa kwa ajili yake, kwamba nina barakoa na sabuni, kwamba mimi ndiye ninayejua habari za ugonjwa huu na yeye hana hata redio yenye betri. Alisikiliza mpaka mwisho, akihema.

— Mi sijui corona, alisema. Mi najua ngombe. Zamani, ku kazi, walituletea dume moja ya mbali. Munene, ngozi inangaa, watoto walikuwa wanakuja kumushika. Tulimufurahia sana, tukasema huyu hawezi kulala peke yake. Hakukuwa hata na mate mubaya. Kisha juma moja tulikuwa tunachimba mashimo tu. Hata yeye hakukufa, ule dume. Alikuwa anatutazama tukichimba.

Akachukua fimbo yake, akarudi nyumbani, akipumzika mara mbili njiani.

Siku ya tatu nikawaka moto. Sikumbuki mengi, na yale ninayokumbuka sijui kama yalikuwa ya kweli. Mtamba alikuwa anapumua karibu na ukuta, na mimi napumua pamoja naye. Ukungu uliingia ndani na kukaa kwenye kona kama mtu wa nyumbani. Wifi yangu, anayemtunza baba, aliweka maziwa ya moto juu ya jiwe, nikajikokota kuyachukua, nikayaleta puani, na hayakuwa na harufu. Nikachukua majani, nikachukua mavi makavu ya ng'ombe, nikanusa. Hakuna. Dunia yote ilikuwa imeoshwa ikabaki maji. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuleta kinga Pepa. Niliuleta ugonjwa wenyewe, na ni fimbo moja tu iliyonizuia kumkumbatia nao mzee yule wa kifua kibovu.

Kila asubuhi na kila jioni baba alikuja mpaka kwenye miti ya mlango wa zizi, akapiga makofi. Mimi nilijibu kutoka ndani, akaondoka. Hatukuongea zaidi ya hapo. Asubuhi moja alikuja na mikono yangu ikakataa. Nilimsikia akipiga. Akangoja. Akapiga tena, kwa haraka kidogo. Nilitaka kusema "niko" lakini sauti ilikuwa imekwenda. Nilisikia mti wa kwanza wa mlango unasogea, ule mlio wa mti juu ya mti, na pumzi yake ikikaribia. Nikapapasa chini, nikapata kikombe cha bati, nikakigonga kwenye ukuta. Mara moja. Mara mbili. Kisha mti ukarudishwa mahali pake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia baba yangu akilia.

Siku ya kumi na tano aliondoa miti yote. Alimtazama mtamba macho, pua na mate, akamwacha apite. Kisha akanitazama mimi, hivyohivyo, akanishika kidevu kwa vidole vyake vigumu. Vilinuka maziwa na moshi.

— Pita, alisema.

Kurudi

Kule juu hakuna rezo ya simu, yaani mtandao, kwa hiyo nilishuka Kirungu nikiwa na moyo mwepesi, jibini begani kwa ajili ya Shangazi. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na mabenchi na bashi, turubai la kivuli, iliyofungwa kwenye miti. Matanga yalikuwa yamekwisha, watu wachache tu walibaki, wamekaa bega kwa bega. Wakainuka kunipokea, mikono mbele.

Jirani yake, mama wa kwaya, ndiye aliyenieleza. Alisema Shangazi alianza kukohoa siku chache baada ya mimi kuondoka. Alikwenda kuimba hivyohivyo, barakoa yangu usoni, akiwaambia wote imetoka kwa mtoto wake wa Kalemie, na akina mama wakaijaribu mmoja mmoja, kwa kuipenda. Kisha kifua. Hakuna aliyempima. Wengine walisema ni baridi, wengine walisema ni miaka. Watatu wa kwaya walikuwa bado wamelala. Barakoa ilikuwa juu ya kamba ya nguo, imefuliwa vizuri na kupigwa pasi.

— Tulikuwekea, alisema. Yeye alisema usiikose.

Sijui kama ni mimi. Labda ni mtu mwingine, labda ni baridi kweli. Nimejiambia hivyo kwenye boti, njia nzima, na ziwa lilikuwa jeupe vilevile. Lakini najua kwamba mmoja alinipenda akanisimamisha hatua ishirini, na mwingine alinipenda akanivua barakoa, na ni yule wa kwanza ambaye bado ana mdomo wa kuniita.

Pale mbele ya mabenchi nilirudi nyuma, nikapiga magoti barabarani, nikawapigia makofi. Waliona vibaya, kama ninyi. Mmoja tu, kikongwe, alinijibu.

Leo ni siku yangu ya tisa katika kibanda hiki. Sina homa, na harufu ya mafuta ya cherehani naisikia vizuri, lakini nilifika kati ya watu wale wa Kirungu, na nilikula tena kwenye boti, kwa hiyo nimejiwekea mti mlangoni. Kwa Mama Anasitazia, mwenye mzee ndani aliye na kifua kama cha baba yangu, nasema: ni kwa ajili ya mzee wako hasa. Zimebaki siku tano. Msije na sahani, msije na mikono. Pitieni tu barabarani asubuhi mkienda sokoni, mnipigie makofi. Hata mkiwa na hasira, pigeni. Na msiondoke kabla sijawajibu.